Yah: Maombi ya Kuusajili Msafara Wako Kama Kikundi cha Ngoma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Itifaki imezingatiwa. Najua ungependa nianze kwa kuwatambua waliopo, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja asimame, apunge mkono, akae, lakini karatasi niliyonayo nimeichana kwenye daftari la mwanangu na nimeonywa nisichane nyingine.

Nakuandikia wewe kama cheo, si kama mtu. Mtu hubadilika: mwaka huu mrefu wa kaunda suti, mwaka jana mfupi wa miwani ya jua. Cheo hakistaafu. Kipo kwenye mahafali ya chekechea, kwenye uzinduzi wa kisima, kwenye fainali ya kugombea mbuzi, na katika nchi hii hakuna shughuli inayojijua kuwa imeanza mpaka wewe ufike. Nalisema hili mapema ili asije mtu akaenda nyumbani na donge kwamba amesemwa yeye. Kinachosemwa hapa ni kiti.

Ombi langu ni fupi. Naomba msafara wako, pamoja na wote wanaoandamana nao, usajiliwe kama kikundi cha ngoma, upangiwe zamu, upewe dakika zake kama wenzake, na ukizidisha ushushwe jukwaani. Sababu ninazo. Mimi na shoga yangu tulitoka Maramba Jumamosi moja kwenda Tanga mjini kuangalia tamasha la sanaa, na ngoma pekee tuliyoiona toka mwanzo hadi mwisho ilikuwa yako.

Nikueleze kwanza Maramba ni wapi, maana kwenye hotuba ulitutaja kwa jina la kijiji kingine. Tupo Wilaya ya Mkinga, chini ya Usambara ya Mashariki, na kwenda mjini tunateremka hadi Mabokweni ndipo tukutane na lami ya Horohoro. Lami hiyo, kilomita 65 toka Tanga hadi mpakani mwa Kenya, ilijengwa kwa fedha za msaada wa Marekani, na ni lami ya kweli. Tabu ni kuifikia. Barabara yetu ina jina refu kuliko magari yanayoipita: Mabokweni–Maramba–Bombo Mtoni–Umba–Mkomazi–Same. Wewe hulisoma lote kwa pumzi moja na watu wakapiga makofi. Noah tuliyopanda haikuwa na pumzi hiyo.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Konda alitupanga kwa hesabu anayoijua yeye na Mungu wake, shoga yangu, mtu mzima mwenye wajukuu, akaishia kupakatwa na mama asiyemfahamu wa kutoka Daluni. Tulipokwama tukashuka kusukuma. Shoga alikuwa amevaa viatu vya kisigino alivyoazima kwa wifi yake kwa ajili ya tamasha. Tope likameza kimoja, na tulipokichomoa kilitoka bila kisigino. Hakusema neno. Akakaa kwenye jiwe, akang'oa na kisigino cha pili ili miguu ilingane, akavitia visigino vyote viwili kwenye mkoba. Mbele kidogo tairi likapasuka, na spea ilipoteremshwa ilikuwa kipara kiasi kwamba abiria mmoja alimuuliza dereva kama ile ni tairi au ni picha ya tairi. Kwa haya yote sikulaumu wewe, Mheshimiwa. Mvua haina itifaki.

Lakini Mabokweni tulisimamishwa. Lami hii hapa, Tanga ile pale, na magari yote yamewekwa pembeni kupisha msafara. Tukasimama, jua limeshatoka, tope linakauka miguuni. Ikapita gari moja nyeupe, peke yake, mbio. Konda akaulizia, akarudi na habari kwamba mwenyewe bado yuko upande wa Horohoro kwenye shughuli nyingine na hata chai hajanywa. Lile lilikuwa gari la kwenda kuhakikisha kwamba njia iko wazi. Kwa hiyo njia ilifungwa kwa ajili ya gari linaloangalia kama njia imefunguliwa. Nilijaribu kumweleza mama wa Daluni jambo hili mara akaniambia, mwanangu, acha, nina presha.

Gesti tuliyoilipia kwa simu tangu Alhamisi iko Ngamiani, ambako mitaa haina majina ya mashujaa, ina namba, nami napendelea hivyo maana namba haimdai mtu kusimama na kupunga mkono. Mhudumu akatutazama kwa huruma. "Chumba chenu kimechukuliwa na ugeni." Ugeni gani? "Ugeni wa msafara." Baadaye nilimfahamu mgeni huyo: ni dereva wa gari la tatu. Sisi tukafunguliwa stoo, tukalazwa kati ya kreti za soda na feni iliyokatika shingo. Asubuhi shoga yangu aliamka na alama ya nembo ya soda shavuni, akatembea nayo mpaka adhuhuri.

Hayo ni ya pembeni. Niingie uwanjani.

Tamasha lilikuwa Tangamano. Nakala ya ratiba ninayo, imechapwa kwa rangi: saa 8:00 mchana, Mgeni Rasmi kuwasili; saa 9:00, burudani za ngoma za asili. Shangazi yake shoga yangu anacheza ngoma ya mdumange, na ndiye hasa tuliyemfuata. Wao walipanda lori saa kumi za alfajiri ili wawahi. Hema la mbele, lenye kivuli na feni, lilikuwa limewekewa sofa. Sofa za watu, Mheshimiwa, si za kukodi, zimetolewa sebuleni mwa mtu na vitambaa vyake vya kufuma. Nyuma yake viti vya plastiki vyenye karatasi zilizobandikwa. Nyuma yake kamba. Nyuma ya kamba ni sisi, na jua.

Sijui kama umewahi kuona ngoma ya ngozi inavyoandaliwa, kwa kuwa wewe hufika ikiwa tayari. Kukiwa na unyevu ngozi hulegea, na ngoma iliyolegea hulia kama mtu anayepiga gunia la mahindi. Basi wazee huwasha moto mdogo wa makuti, ngoma inaelekezwa uso kwenye moto, mpigaji anagonga kwa ncha za vidole huku ameinamisha sikio, anaisogeza, anagonga, anaizungusha, anagonga tena pembezoni, mpaka ngozi ikubali. Ikikubali una muda wako mfupi. Ikipoa, unaanza upya.

Kikundi cha shangazi kilipangwa getini kukupokea. Saa nane kasoro ngoma zikapashwa. King'ora kikasikika, mshereheshaji akapaza sauti kwenye spika, "Anawasili, anawasili, tumpokee kwa shangwe!", wakaanza kucheza. Ilikuwa gari ya wagonjwa, na mgonjwa ndani. Ngoma zikapoa, zikapashwa. Ikaja Land Cruiser nyeupe yenye vioo vyeusi, wakacheza tena, vigelegele, shangazi ameshuka mpaka chini kwa magoti yake hayo ya miaka sitini na ushei. Akashuka kijana mmoja amebeba stendi ya maikrofoni, akasimama pale katikati ya heshima asiyoitarajia, kisha akapunga mkono. Nilimpenda. Zikapashwa tena. Saa kumi na nusu akaja mgambo, akamwaga ndoo ya maji juu ya moto, kwa maelezo kwamba moshi hautakiwi karibu na njia atakayopita Mgeni Rasmi. Ulipofika kweli, saa kumi na moja, ngoma zilikuwa zimelowa na wachezaji wamekaa chini wanakunywa maji. Waliinuka. Magari yako yalipita mbele yao bila kupunguza mwendo, vioo juu. Ukiulizwa popote kama uliangalia mdumange, ndio huo.

Utambulisho ulianza. Alitambulishwa kila aliyekaa kwenye sofa, halafu kila aliyekaa kwenye plastiki, halafu waliokuwa njiani, halafu waliotuma udhuru. Wakaleta salamu. Salamu zikaleta salamu nyingine. Wasanii wakasoma risala, wakaomba taa za jukwaa na nauli ya kurudi. Ukasema umelipokea ombi lao, mtalifanyia kazi. Halafu ukahutubia.

Ilikuwa hotuba nzuri, sikatai. Ulimtaja Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapo jirani, mtu aliyekuwa karani wa forodha akaandika tenzi na riwaya baada ya saa za kazi. Ukanukuu maneno yake: mgeni njoo, mwenyeji apone. Shoga yangu, ambaye shule aliiacha darasa la saba, akanigusa ubavuni, akanionyesha kiunoni mwa mama aliyesimama mbele yetu. Maneno hayo yalikuwa yamechapwa kwenye kanga yake, na jina la mtunzi halikuwepo.

Ukamtaja pia Mwalimu Nyerere, jinsi alivyounda wizara ya utamaduni Desemba 1962 na kusikitika kwamba waliosoma walikuwa wanajua rumba na chachacha lakini gombe sugu na lelemama hawazijui. Ulilisema kwa uchungu, hata ukavua miwani. Wakati unalisema, ngoma zile zile zilizosikitikiwa zilikuwa zimejipanga nyuma ya hema, zinasubiri umalize kuzisikitikia.

Mji huu una msemo kwamba waja leo waondoka leo, nawe uliutimiza vizuri kuliko sisi wote. Ulipomaliza ikatangazwa kwamba kutokana na majukumu mengine ya kitaifa unaaga. Hema la mbele likaondoka na wewe. Watoto wakavuka kamba na kuzirukia sofa, na mmoja, kwa kuchimba chimba katikati ya mito, akaibuka na remoti ya televisheni. Hapo ndipo kikundi cha shangazi kikaitwa. Mshereheshaji akawaambia muda umetutupa mkono, wana dakika tatu. Wakacheza kwa ngoma zilizolegea mbele ya watoto na remoti, na adhana ya Magharibi ikawakuta bado hawajazunguka duara la pili. Wakasimama. Mdumange hauendelei juu ya adhana, nalo si kosa la mtu.

Usiku palikuwa na taarabu, iliyotupa moyo. Hii ni Tanga ya vikundi vya Black Star na Lucky Star, Tanga iliyomsikia Bi Shakila akiwa bado msichana. Wanamuziki wakapanda, wakaonja vyombo, kinanda kikatoa sauti yake, watu wakaanza kukunja noti za kutuza. Jenereta likazima. Lilikuwa limewaka tangu saa nane mchana kupuliza feni za hema lako, na mafuta yalipimwa kwa ratiba ya karatasi, si kwa saa yako.

Sasa nirudi kwenye ombi langu, maana nisije nikaonekana nimekuja kulalamika.

Pwani hii haikuanza leo kuona ngoma ya wenye vyeo. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 palikuwa na beni. Ilichipukia Lamu na Mombasa, ikashuka Tanga na Dar es Salaam, na wakati wa vita vya kwanza vya dunia ikasafiri na askari hadi bara. Vyama viwili vikubwa, Marini na Arinoti, vilishindana kwa sare, tarumbeta na gwaride. Wanachama walipeana vyeo: huyu kingi, huyu jenerali, wakapigiana saluti, wakakaguana, wakaandikiana barua za kiofisi. Terence Ranger, mwanahistoria, aliiandikia kitabu kizima kilichotoka mwaka 1975, na ukikisoma utaona jinsi watawala wa kikoloni walivyotaabika: hawakujua kama wanaheshimiwa au wanachekwa. Mimi nikikutazama ukishuka kwenye gari, mlango ukifunguliwa na mmoja, mkoba ukibebwa na wa pili, wa tatu akitembea kinyumenyume na kamera, wa nne akizungumza na mkono wake, naona kila kitu cha beni kipo. Sare ipo, vyeo vipo, sauti ya king'ora ipo, hata mwendo wenu mmepatana bila kuhesabiwa. Tofauti ni moja. Watu wa beni walijua kwamba wanacheza.

Kwa sababu hiyo si haki wewe peke yako upande jukwaani bila karatasi. Sheria Na. 23 ya mwaka 1984 ilianzisha Baraza la Sanaa la Taifa, na msanii wa nchi hii anatakiwa asajiliwe, alipie, apate kibali. Shangazi na wenzake wanacho cheti chao. Wanakitunza kwenye nailoni, ndani ya sanduku, pamoja na hati ya shamba. Msafara wako umetumbuiza kwenye kila tamasha ninalolijua, haujawahi kuonyesha cheti, na unalipwa posho kwa kucheza.

Iwapo baraza litaona kikundi chenu bado hakijaiva, Bagamoyo si mbali. Chuo cha sanaa kipo pale tangu 1981, siku hizi kikiitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, na tamasha lake linapigwa tangu 1982. Wanafundisha ngoma, maigizo, muziki na sarakasi. Nadhani kozi fupi ya maigizo ingewatosha: kuingia jukwaani zamu yako inapofika, kusema maneno yako yakasikika, na kutoka. Kutoka ndiko kugumu. Nasikia hata wenye vipaji huwachukua muda.

Kuna jambo la fedha, nalo naliweka hapa kwa kuwa nilimwahidi shoga yangu kuliweka. Sauti za Busara, tamasha la muziki lililoanza Zanzibar mwaka 2004 na kujulikana dunia nzima, mwaka 2016 halikufanyika kwa sababu fedha zilikosekana. Tamasha zima, lenye jina, likakaa mwaka. Tangu nizaliwe sijasikia msafara uliokosa kufanyika kwa sababu fedha zilikosekana. Kwa hiyo nikisema wewe ndiye msanii pekee Tanzania mwenye mfadhili wa uhakika, sikudhihaki. Nakupongeza, na naomba uwaelekeze wenzako namna ya kuandika maombi.

Jumapili sina la kusema. Mvua ilinyesha, ufungaji ukasogezwa mpaka mgeni rasmi wa kufunga apatikane, nasi tukaenda stendi ya Kange kutafuta usafiri. Shoga yangu alinunua kandambili stendi. Visigino anavyo mpaka leo, anatafuta fundi wa kuvirudisha kabla wifi yake hajauliza.

Kikundi cha shangazi kimealikwa tena mwakani, na zamu yao imeandikwa saa tisa alasiri. Ukipenda kuja, njoo saa nane na nusu. Shuka kwenye gari mbali kidogo, tembea, pita nyuma ya hema utakuta wazee wanapasha ngoma, na uombe uishike moja usikie uzito wake. Usiseme kitu. Ukishindwa kuja saa hizo, basi mruhusu mshereheshaji aanze bila wewe. Hotuba tutaisoma gazetini, tena kwa utulivu.

Nasubiri majibu yako.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Maramba, Wilaya ya Mkinga.

Nakala: Mwenye sofa, popote alipo. Remoti yako ipo kwa mshereheshaji, nenda kaichukue.